Nabintu, Bwana Yako Alikuja Kusoma Kare Mbili

Nabintu, dada yangu,

Sijui barua ya mtu aliyekufa inaanzwa namna gani. Shuleni walitufundisha kuandika, "Sisi huku wazima, wasiwasi ni juu yako tu." Nimeandika hivyo, nikakata. Wasiwasi wote uko huku kwetu. Basi acha niingie tu bila kubisha hodi, kama nilivyokuwa naingia jikoni kwako.

Bwana yako anasoma algebra.

Ungekuwepo ungeshika tumbo, ungejitupa kwenye kiti na kusema, "Faida, usiniue." Lakini ni kweli. Leo ni Jumamosi, mvua inapiga mabati, Papa Ushindi wangu ameenda Bagira kumwona mama yake, na mimi sokoni sikwenda. Nimejiambia nikueleze mambo yote, kwa sababu mimi mwenyewe siyaelewi. Nimechanganyikiwa, Nabintu. Kuna siku naamka nimekukasirikia wewe. Kuna siku namkasirikia yeye. Na kuna siku hasira iko, lakini sijui ni ya nani.

Acha nianzie darasani.

Unakumbuka tulivyoingia mara ya kwanza? Shule ya parokia, watoto wametoka, vumbi la chaki bado liko hewani, na sisi wamama tunajipenyeza katika madawati yao, magoti yanagonga mbao. Mimi niliacha shule nilipoolewa, na kusema kweli sikuona uchungu. Nilikuwa nimechoka na walimu. Wewe uliacha ukilia. Prof Chishugi, kijana ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wa mama zetu, alianza kuita majina. "Maman Nabintu." Kimya. "Maman Nabintu!" Nikakugonga na kiwiko. Baadaye uliniambia ulikuwa unajiuliza huyo Nabintu ni nani, maana tangu Asifiwe azaliwe hata mama yako mzazi alikuwa anakuita Mama Asifiwe.

Hesabu za namba sikuziogopa. Mtu anayeuza vitenge pale soko la Kadutu hawezi kuogopa namba. Mambo yaliharibika herufi zilipoingia. Nilikuwa nauliza, "Sasa hii x ni ngapi?" na prof anajibu, "Yoyote, maman," nami najisikia kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa, "Popote." Wewe ulizipenda tangu siku ile. Ulisema x ni kama mtu aliyejifunika kitenge: usimwogope, chini ya kitenge bado ni mtu. Na nilipokuwa nakimbilia kufutafuta na kuandika upya, ulishika mkono wangu: "Faida, mbele ya kugusa, angalia kwanza."

Halafu tulikuwa tunapanda mlima kurudi nyumbani. Ulikuwa unasimama kwenye kila kona. "Ngoja tuangalie ziwa." Nami nilisimama nawe, nikaangalia ziwa, nikasema naam, ni zuri. Sasa ninajiuliza nilikuwa mjinga wa namna gani. Sisi tumezaliwa na lile ziwa, Nabintu. Nani katika Bukavu anasimama kila kona kuangalia ziwa? Ulikuwa unatafuta pumzi.

Somo letu la mwisho pamoja, prof aliandika ubaoni a² − b², akasema kwa Kifaransa, "Différence de deux carrés." Darasa zima likaipa jina lake saa ileile: kare mbili, maana kare ni namba iliyozidishwa mara yenyewe. "Leo kare mbili zinatoana," alisema yule maman mnene wa nyuma, tukacheka. Prof alitaka tuivunje, yaani tuiandike upya kama vitu viwili vinavyozidishana. Ulimaliza kabla hajaweka chaki chini. Mimi niliandika yangu. Ulichungulia, ukauma mdomo usicheke, ukasema, "Iko mwepesi. Jumatatu nitakuonyesha."

Jumatatu hukuja. Nilidhani ni mvua.

Kisha mchana mmoja Papa Ushindi alikuja sokoni. Yeye hafikagi sokoni, unamjua, anasema kelele za wamama zinamtoa akili. Alisimama mbele ya vitenge na kofia mkononi. Nilijua kuna mtu amekufa. Nilianza kuhesabu watoto wangu kichwani, mmoja mmoja, na sikukufikiria wewe hata kidogo. Hilo linanisumbua mpaka leo. Sikukufikiria hata kidogo.

Kule hospitali, daktari alimwambia kaka yako kwenye kolidoo, nami nilikuwa nyuma yake: moyo ulikuwa umepanuka, na wewe mwenyewe ulikuwa umeambiwa tangu kabla ya Pasaka. Tangu kabla ya Pasaka! Tulikula Pasaka pamoja. Ulicheza. Kwa nini hukusema? Nimegeuza swali hilo kila upande na halina mlango.

Tulikuzika Kalehe, kwa watu wa bwana yako. Kilio kilikuwa kikubwa, watu walitoka mpaka Minova. Nilirudi Bukavu na wiki zikapita bila mimi kuingia darasani. Halafu siku moja nikaenda, sijui kwa nini. Miguu ilienda tu. Nikakaa kwenye dawati letu, upande wangu, nikaweka mkoba upande wako ili mtu asikae hapo.

Na sasa sikiliza.

Somo limeanza, mvua inanyesha, mlango unafunguliwa. Papa Asifiwe. Amelowa, koti la kazi lina vumbi la simenti lililogeuka tope mabegani. Unajua namna alivyo: kule depo hata ukimwambia mifuko ni mia, atashuka aihesabu. Alisimama pale mlangoni akahesabu sisi vilevile, kichwa kwa kichwa. Prof akauliza, "Papa, tukusaidie?" Akasema, "Nimekuja kuona." Akaja moja kwa moja, akauinua mkoba wangu, akanipa mkononi kwa adabu, akaketi pahali pako.

Hakuna aliyecheka. Prof alibaki na chaki hewani, kisha akaendelea. Mimi sikusikia neno. Nilikuwa nasikia pumzi yake tu, na kufikiria wamama wa nyuma watakavyosema: mke hajaoza, bwana amekaa karibu na rafiki yake. Na kweli walisema. Kesho yake maneno yalikuwa yamefika sokoni kabla yangu.

Masomo yalipokwisha nilitoka haraka. Alinifuata kwa mbali, kisha akaita, "Mama Ushindi, ngoja kidogo."

Nikangoja.

"Hapa ndipo alikuwa anakuja?"

"Ndiyo hapa."

"Siku zote?"

"Siku zote za masomo. Tulikaa dawati moja."

Aliangalia viatu vyake. "Mimi sikuamini," akasema. "Mwanamuke iko na nyumba yake, iko na mutoto mukubwa, anatoka kila mara anaenda kusoma herufi? Nilisema hapana, kuko mutu. Nikamuuliza, munasomaka nini? Akaniambia, kare mbili zenye kutoana. Nikaona ananichekelea. Nikaacha kumusemesha." Akajifuta mvua usoni. "Alienda hospitali hatusemeshane, Mama Ushindi."

Nabintu, nilikuwa na mwavuli mkononi. Nilitaka kumpiga nao. Mbele ya watu, katikati ya barabara. Na saa ileile niliona vidole vyake vinatafuta kifungo cha koti kisichokuwepo, nikataka kumshika mkono kama mtoto. Sikufanya hili wala lile. Nilisimama tu na mwavuli uliofungwa, mvua inanipiga. Kwa nini na hilo hukuniambia? Siku zile zote kwenye dawati, unanifundisha, unacheka, na nyumbani kuna mtu hakusemeshi.

Kisha akasema, "Unionyeshe hiyo kitu. Ile alisoma siku ya mwisho. Nataka kuiona."

Nami nikasema ndiyo. Sikuijua, Nabintu! Nilikuwa sijui hata inaanzia wapi. Lakini ungekataa namna gani? Nikasema, "Siku ya Mungu, nyuma ya misa, kuja nyumbani. Papa Ushindi atakuwepo."

Papa Ushindi hakupenda, lakini hakunizuia. Siku ile nilipika bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza za ziwa letu, tukala watatu bila maneno mengi, watoto nikawatuma nje. Nikaondoa sahani mezani, nikaleta karatasi. Papa Ushindi akasogea na redio yake pembeni, mpira unatangazwa, akawa kama hasikilizi.

Niliandika x² − 9. Nikavaa sauti ya prof. "Ona, hii ni kare ya x. Na tisa ni kare ya tatu. Kwa hiyo tunavunja hivi." Nikaandika (x − 3)², yaani x kutoa tatu, yote mara yenyewe. Ndivyo nilivyoandika siku ile ulipouma mdomo. "Imeisha," nikasema.

Akaitazama muda mrefu. Akauliza, "Unajua namna gani iko kweli?"

"Inaonekana."

"Prof ndiye alisema?"

"Hapana, lakini..."

"Basi unajua namna gani?"

Hasira ikanipanda. Nilijiambia, ndiyo huyu, ndiye mtu asiyeamini kitu, hata mke wake hakumwamini. Nikampa kalamu kwa nguvu. "Weka namba, basi! Toa x, weka namba yoyote, uhesabu mwenyewe kama mifuko yako!"

"Tano," akasema. Akahesabu polepole. Tano mara tano, makumi mbili na tano, toa tisa: kumi na sita. Kisha akahesabu ile yangu. Tano toa tatu, mbili. Mbili mara mbili, ine.

"Kumi na sita na ine," akasema. "Haiko sawa."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia ukweli. "Papa Asifiwe, mimi sijui. Nabintu ndiye alijua. Alisema Jumatatu atanionyesha."

Nilidhani atasimama aende, na nilitaka aende. Badala yake alivuta karatasi karibu, akaweka kidole juu ya kumi na sita, akabaki hivyo. Kutoka pembeni redio ikapunguzwa. Papa Ushindi akauliza, "Hiyo kumi na sita inapatikanaka namna gani? Ine mara ine?"

"Ao mbili mara munane," akasema bwana yako.

Nami nikaona. Siyo yote, kipande tu. "Mbili tuko nayo," nikasema. "Tano toa tatu ni mbili. Inabaki munane. Munane itatoka wapi?"

Tukainama watatu juu ya karatasi ile. Papa Ushindi aliondoka kwenye kiti chake, Nabintu, mpira unaendelea, sijawahi kuona hivyo. Bwana yako alianza kuhesabu kwa vidole, tano, sita, saba, munane. Akasimama kwenye munane. "Tano ongeza tatu," akasema kwa sauti ndogo.

Mbili ni tano toa tatu. Nane ni tano ongeza tatu. Moja inatoa, moja inaongeza. Zikizidishana, kumi na sita.

"Bahati tu," akasema. "Tuweke ingine."

Tukaweka saba. Saba kare ni arobaini na tisa, toa tisa, arobaini. Saba toa tatu, nne. Saba ongeza tatu, kumi. Nne mara kumi, arobaini. "Ingine," akasema. Tukaweka kumi. Mia toa tisa, tisini na moja. Papa Ushindi akapiga meza: "Hapo imekufa! Tisini na moja haigawanyike. Hata mwalimu wa watoto wa primaire atakuambia." Mimi nikaandika: kumi toa tatu, saba. Kumi ongeza tatu, kumi na tatu. Bwana yako akazidisha pembeni, kwa namna ya zamani, saba mara tatu, saba mara kumi, akajumlisha. Akaniangalia. Akajumlisha tena.

Tisini na moja.

Tulipiga kelele mpaka Ushindi akachungulia dirishani kuona nani wanagombana. Papa Ushindi alikuwa anasema, "Haiwezekane, haiwezekane," anazidisha mwenyewe upya. Na mimi nilikuwa nacheka, kwa mara ya kwanza tangu Kalehe, nikageuka kumwambia Papa Asifiwe kitu, nikaona analia. Bila sauti. Machozi yanashuka juu ya mashavu, na kalamu bado iko mkononi.

"Basi ilikuwa ya kweli," akasema. "Alikuwa ananiambia kweli."

Papa Ushindi akamshika bega, wakatoka wote wawili nje. Mimi nilibaki na ile karatasi. Nilifurahi na niliumia, vyote katika pumzi moja, na hakuna aliyenifundisha jina la kitu hicho.

Somo lililofuata nilimwendea prof mapema, nikamwonyesha. Akatabasamu. "Ni vizuri, maman Faida, lakini namba tatu hazitoshi. Kuna namba nyingi. Zidisha herufi zenyewe." Akanisimamisha ubaoni, nami nikaandika (x − 3)(x + 3) na kuzidisha kila kimoja kwa kila kimoja: x mara x, x². x mara tatu, 3x. Kutoa tatu mara x, −3x. Kutoa tatu mara tatu, −9. Pale katikati kulikuwa na 3x inaongeza na 3x inatoa. "Hizi mbili zinamalizana," prof akasema, akazifuta, na ubaoni pakabaki x² − 9. Basi. Kumbe ndiyo kazi ya ile alama ya kuongeza: bila hiyo, za katikati hazimalizani. Nikarudi dawatini. Papa Asifiwe alikuwa ameketi pahali pako, akanong'ona, "Mpaka sasa niko napima zingine. Haijakosea."

Sasa ninaivunja yoyote. 4x² − 25, nakuambia (2x − 5)(2x + 5), hata kichwani, hata napima kitenge cha mteja. Mbele ya kugusa naangalia kwanza: je, hii ni kare? Na ile? Na katikati yao kuna kutoa? Lakini siku moja nilijaribu x² + 9 na ikakataa kabisa. Nikauliza, prof akasema kwa namba tulizo nazo hiyo inabaki ilivyo. "Juu ya nini?" nikauliza. "Maman Faida, hiyo ni ya masomo ya mbele." Inanikera. Kwa nini yenye kutoa inakubali na yenye kuongeza inakataa? Wewe ungeweza kunieleza. Ao labda hata wewe hukujua. Sikumbuki kama umewahi kuniambia, "Sijui."

Kuhusu moyo wako, nimefikiri hivi. Ungemwambia bwana yako, angekufungia nyumbani, na angepata sababu. Ungeniambia mimi, nisingekuacha upande ule mlima. Labda ulitaka darasa kuliko ulivyotaka sisi tujue. Labda siyo hivyo. Labda uliogopa tu, na kucheka kulikuwa namna yako ya kuogopa. Kila nikifikia jibu moja, lingine linalipinga.

Sasa jambo kubwa, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwisho wa mwezi uliopita tulikwenda Kalehe kumaliza kilio. Mwaka wa kilio uliisha salama, misa ilisomwa, watu walikula. Nyuma ya chakula, wazee wa ukoo wakaita maneno ya familia. Mimi nilikaa nyuma na wamama, kwa kuwa siyo wa ukoo. Nilijua kitakachosemwa, Papa Asifiwe alikuwa ametuambia njiani, anaangalia dirishani, kwamba tangu siku ya mazishi alikuwa ameshawakubalia juu ya mtoto.

Kaka yake mkubwa, yule mwenye sauti kama ngoma, akasimama. "Asifiwe atabaki hapa kwa shangazi yake," akasema. "Nyumba ya mwanaume peke yake haiko pahali pa binti. Shule amesoma ya kutosha. Hata mama yake, masomo ya uzee ilimupeleka wapi?"

Nabintu, nilifunga mdomo kwa mkono wangu mwenyewe. Asifiwe alikuwa anapita na sahani. Alisimama. Hakulia, hakuangalia mtu; aliangalia zile sahani. Ana shingo yako. Sikuwa nimeona mpaka siku ile.

Bwana yako akasimama. Unajua hasemagi katika mikutano. Alisimama kama mtu aliyesukumwa, akavua kofia.

"Mutoto atarudi Bukavu," akasema.

"Ulikubali," akasema kaka yake.

"Nilikubali. Sasa nimekataa."

"Juu ya nini?"

"Mutoto iko nasoma."

"Anasoma nini yenye haiwezi kungoja?"

Akatafuta neno. Nami moyoni nasema, sema kitu, sema chochote. Akasema, "Mwaka wenye kuja, wataingia mu kare mbili."

Mzee mmoja akamuuliza jirani yake, "Kare mbili? Ni viwanja? Wamenunua viwanja Bukavu?" Vijana wakaanza kucheka. Lakini Papa Asifiwe hakucheka. Aliokota kijiti, akachuchumaa, akafuta udongo kwa kiganja mpaka ukawa laini. "Muniambie namba moja," akasema. "Yoyote. Kubwa kuliko tatu."

Shangazi mzee, yuleyule aliyepaswa kumchukua Asifiwe, akasema kutoka kwenye mkeka wake, "Makumi mbili."

Akaandika udongoni. Makumi mbili mara makumi mbili, mia nne. Toa tisa, mia tatu tisini na moja. Halafu upande mwingine: kumi na saba, makumi mbili na tatu. Akazidisha. Mara moja alikosea, akafuta, akaanza upya. Wazee walikuwa wamesogeza viti. Watoto wamepenya katikati ya magoti yao. Asifiwe aliweka sahani chini, akaja akasimama nyuma ya baba yake, midomo inahesabu pamoja naye. Yeye ndiye alisema jibu kabla yake: "Mia tatu tisini na moja."

Kaka mkubwa akaangalia udongo, akaangalia ndugu yake. "Sasa hiyo inatusaidia nini?" akauliza, na safari hii alikuwa anauliza kweli.

"Sijui," akasema bwana yako. "Mama yake alijua. Nilikuwa naye nyumbani, sikumuuliza muzuri. Asifiwe atajua, na mimi nitamuuliza."

Sijui kilichopita katika kichwa cha kaka yake. Alikaa. Alikohoa. Mwishoni akasema tu, "Basi wapande gari mbele ya mvua, barabara itaharibika," na maneno yakahamia kwenye mambo ya ng'ombe.

Ndivyo tulivyorudi na mtoto wako. Aliketi kati yangu na baba yake, na walianza kupimana namba, wakaendelea mpaka tukaona taa za mji. Mimi nilitaka kuwa na furaha, na nilikuwa nayo, lakini nilikuwa pia nasema kimoyomoyo: kwa nini sasa, Papa Asifiwe? Kwa nini siyo alipokuwa mezani kwako, anakuambia kwa mdomo wake? Bado sijamsamehe, Nabintu, nisikudanganye. Na bado kila somo namwachia pahali pako, na akichelewa naangalia mlango.

Mvua imepungua. Nasikia Papa Ushindi anasugua viatu nje.

Lala, dada yangu. Mimi sikuagi vizuri, maana sijui kama naweza. Lakini nakuahidi hivi: nitafanya jaribio la mwisho wa mwaka hata kama nitaanguka. Bwana yako nitaendelea kumkasirikia na kumpikia. Na Asifiwe atakapofika darasani kwenye somo lile la kare mbili, akaja kwangu na karatasi, sitamwonyesha upesi. Nitakaa karibu naye, nitamwacha aikosee kwanza kwa namna yake mwenyewe, na nitakuwa na Jumatatu zote anazozihitaji.

Faida